Pini moja ilishika, ya pili ilitoka nusu: kisa cha buti la snoubodi lililofunguka katikati ya kona

Mama mdogo alipomwona mwanawe, binamu yangu, akitoka pale kwa waliowasili uwanja wa ndege wa JKIA Nairobi na magongo mawili hakupiga nduru, alimshika shavu, akaangalia goti, halafu akauliza swali moja tu: sasa kiatu kilitoka aje na ulisema kilikuwa kimefungwa? Hakuna aliyemjibu. Mimi ndio nilikuwa nimebeba lile begi refu la snoubodi, ule ubao wa kutelezea theluji, na nilidhani jibu ninalo, nikasema moyoni waya umevunjika, kesho nitaufungua nimwonyeshe. Ilinichukua karibu wiki tatu na nilichokipata sicho nilichokuwa nafikiria. Naandika yote juu kuna vijana wetu wanaoenda kufanya kazi za hoteli kule milimani Ulaya msimu wa baridi, wanafundishwa na wenzao, wananunua vifaa vilivyotumika, na hakuna mtu anakaa nao chini kuwaambia hii kitu inafungwa aje na inadanganya wapi.

Mimi ni fundi wa baiskeli, karakana yangu iko nyuma ya Kirinyaga Road, theluji sijawahi kukanyaga. Lakini vifaa vya kukanyaga na kujifunga navijua, na utaona venye vinahusiana.

Kisa chenyewe kiko hivi. Binamu yangu anafanya kazi jikoni kwa hoteli moja Austria, Desemba hadi Aprili, huu ulikuwa msimu wake wa tatu. Huko alijifunza snoubodi, na si ile ya buti laini na kuruka vilima ambayo watu wanaiona kwa video, yeye alipenda ile ya alpaini: bodi nyembamba na ndefu, buti gumu la plastiki kama la kuskii, miguu imeelekezwa mbele kwa pembe kubwa, unalala kando mpaka mkono unakaribia theluji na bodi inakata mstari mmoja safi kama kisu kwa mkate. Ndiyo ile inashindanishwa kwa Olimpiki tangu Nagano 1998. Ester Ledecká wa Ucheki, yule aliyeshinda dhahabu ya skii na ya snoubodi kwa michezo ileile ya Pyeongchang 2018, dhahabu yake ya snoubodi ilikuwa ya aina hii. Na kwa michezo hiyohiyo Sabrina Simader alikuwa amevaa rangi za Kenya kwa skii, kwa hivyo mtu asiniambie theluji haituhusu.

Februari, siku yake ya mapumziko, saa nne asubuhi, alishuka kwa lifti ya viti, akasimama pembeni, akapiga kisigino cha mguu wa nyuma, akasikia tik, akaondoka. Kona ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu alikuwa na spidi, akalala upande wa vidole vya miguu, na katikati ya kona mguu wa nyuma ukatoka kwa bodi. Wa mbele haukutoka. Bodi ikawa imening'inia kwa mguu mmoja, ikazunguka na kuzungusha goti nayo. Kano ya upande wa ndani wa goti ilichanika kiasi, daktari wa huko akasema haihitaji upasuaji, apumzike na afanye mazoezi. Alivyorudi Aprili bado alikuwa anashuka ngazi akiwa upande.

Sasa ili ufuate nitakachosema lazima uelewe hiyo kitu inafanya kazi aje.

Baindingi ni kile kifaa kinachoshikilia buti kwa bodi, na ya kawaida ya buti gumu ni ya waya. Kuna waya mnene nyuma unaingia kwa kisigino na mwingine mbele wenye klipu, unaweka buti, unainama, unafunga klipu kwa mkono juu ya mdomo wa buti, ile ncha ya soli inayochomoza mbele, kwisha. Ni ya kizamani lakini ukiinama unaiona kwa macho yako. Imefungwa ama haijafungwa, hakuna katikati. Ile ya kuingia kwa kukanyaga, wenyewe wanaiita stepini, mbele bado ina waya ila hauna klipu, unachomeka tu mdomo wa buti chini yake. Nyuma ndiyo kuna kazi: kisigino cha buti kimetolewa kikawekwa kingine chenye pini mbili za chuma, moja kila upande, zinasukumwa nje na springi. Ukikanyaga chini pini zinabanwa ndani na kuta za baindingi mpaka zifike kwa matundu, halafu zinaruka nje na kuingia. Tik tik. Ya kufungulia ni kebo inayopita ndani ya buti kando ya mguu mpaka karibu na kigimbi, ina kishikio, unavuta pini zinarudi ndani, unainua kisigino. Mfumo wa namna hii unaojulikana zaidi unaitwa Intec, na kuna watengenezaji kadhaa wanaotoa baindingi na visigino vinavyoingiliana nao, kampuni ya Bomber ya Colorado ilitoa kisigino chake ikakiita Fintec. Ya binamu yangu ni chapa gani sitasema, na utaona mwishoni kwamba chapa haina maana hapa, kilichoharibika kiliharibiwa na chumvi, lami na mikono yetu wenyewe.

Wanaoendesha baiskeli za rodi wakinisoma tayari wanatikisa kichwa, juu hiyo ni pedeli na kliti, kile kipande cha chini ya kiatu kinachojifunga kwa pedeli. Na kweli ni ndugu. Kampuni ya LOOK ya Nevers, Ufaransa, ilikuwa inatengeneza baindingi za skii kabla ya kutoa pedeli yake ya kukanyaga mwaka 1984, Bernard Hinault akashinda nayo Tour de France ya 1985, na hao Shimano waliotoa pedeli yao ya SPD mwaka 1990 ndio baadaye waliotengeneza na kampuni ya K2 baindingi ya kukanyaga ya buti laini ikaitwa Clicker. Mtu akipanda kutoka Magadi hadi Kiserian amejifunga kwa pedeli anatumia wazo lililotoka kwa theluji.

Lakini kuna tofauti moja kubwa na ndiyo ilimvunja binamu yangu goti. Pedeli, ukizungusha kisigino inakuachia. Baindingi ya skii nayo imepangwa iachie, mbele inafunguka kwa kuzunguka na nyuma kwa kuinuka, na kila mtu anapimiwa kiwango chake kulingana na uzito na urefu na ujuzi. Snoubodi haiachii. Na si uzembe, ni hesabu: miguu yote miwili iko kwa ubao mmoja, na mguu mmoja ukitoka wakati mwingine umebaki, ule ubao wote unakuwa wenzo mrefu uliofungwa kwa goti moja. Ni heri yote miwili ibaki kuliko mmoja utoke. Kwa hivyo kwa snoubodi ile mbaya zaidi ni hii ya kufunguka nusu, na kila kitu kwa baindingi kinapaswa kupangwa na kutunzwa kuzuia hiyo moja.

Basi nikafungua begi.

Siku ya kwanza niliangalia kile nilichokuwa nakishuku, waya wa mbele. Chuma kikipindwapindwa kidogokidogo kwa miaka kinachoka, kinapasuka ndani kabla hujaona nje, na waya wa mbele unavutwa mara kwa mara kwa kona, na yeye alianguka kwa kona. Sina mashine za kupima nyufa. Nilitumia ile ya wazee: unaloweka chuma kwa mafuta ya taa usiku mzima, unafuta kikauke kabisa, unapaka chaki, halafu unangoja. Kama kuna ufa mafuta yaliyojificha yanatoka na kuchora mstari kwa chaki. Nilipaka waya zote mbili, nikasubiri mpaka saa kumi. Chaki ilibaki nyeupe. Skrubu za kushikilia baindingi kwa bodi, zile nne za M6 kila upande, zilikuwa zimekaza zote. Bamba halijapinda. Nikakaa chini nikaona sina kitu.

Siku ya pili nikafanya kile nilipaswa kuanza nacho, nikabana bodi kwa jiriwa, nikaingiza buti la nyuma kwa baindingi yake vile mtu angekanyaga. Tik. Nikaita kijana wangu wa kazi, nikamwambia sikiliza, nikatoa nikaingiza la mbele kwa yake. Tik tik, karibu pamoja lakini ukitega sikio ni mbili. Nikarudia la nyuma. Tik, moja, na ni kubwa, ukiwa na kofia na upepo hutajua tofauti. Nikawasha tochi ya simu nikainama. Pini ya ndani imeingia kwa tundu lake mpaka mwisho. Ya nje imetoka karibu nusu ya mwenzake. Ilikuwa imeingia, usiseme haikuingia, na ukivuta buti juu kwa mkono linashika, hata nilining'inia kwalo. Ndiyo maana kona mbili za kwanza zilienda sawa.

Nikafungua kisigino. Upande wa pini ya nje kulikuwa na uji mweusi mgumu, kutu na mchanga na kitu cheupe nikakionja kwa ulimi, chumvi. Nikampigia, nikamuuliza wewe ulikuwa unatembea na hizi buti wapi? Akasema kutoka nyumba ya wafanyakazi mpaka lifti, kuna maegesho ya magari, barabara inamwagiwa chumvi isigande. Kila siku? Kila siku bro, ziko nzito kubeba. Basi chumvi ilikuwa inaingia, pini inashika kutu ndani ya njia yake, springi inasukuma lakini haina nguvu ya kuifikisha mwisho. Nikajaribu kuibonyeza kwa kidole na kuiachia mara ishirini, mara nyingine ilifika karibu na mwisho, mara nyingine ikabaki nusu. Hiyo ya kubadilikabadilika ndiyo inaogopesha zaidi, juu kama ingekuwa mbovu kabisa angeishika mapema.

Lakini bado sikutosheka. Pini nusu imeshika, nimening'inia kwayo, kwa nini ikaacha kwa kona ya tatu?

Hapa ndipo kebo inaingia. Niliona kishikio chake kimefungwa fundo mbili, kebo imefupishwa. Kumbe kishikio kilikuwa kinapigapiga mguu na akiwa na glavu hakifikii vizuri, akakifupisha mwenyewe kikae juu. Fikiria njia ya hiyo kebo: inaanzia chini ya kisigino, inapanda ndani ya buti mpaka karibu na kigimbi. Ukiwa umesimama wima ina urefu wake. Ukiinamisha goti mbele, shingo ya buti inakunjika, njia inabadilika, na kama kebo haina ulegevu basi mguu wako wenyewe unaivuta, yaani unajifungulia bila kujua. Nikaweka buti kwa baindingi, nikaegemea shingo yake kwa kifua na uzito wangu wote kama mtu aliye kwa kona ya vidole, kijana akamulika tochi. Akasema inarudi. Nikaegemea tena. Inarudi kidogo, zote mbili zinarudi kidogo.

Hapo nikaelewa. Pini nzima ilirudi kidogo na bado ilikuwa na akiba ya kutosha ndani ya tundu. Ile ya nusu haikuwa na akiba yoyote, ule mrudi mdogo uliimaliza. Baada ya hapo buti limeshikwa nyuma kwa upande mmoja tu, linaanza kuviringika juu ya pini moja, na pini moja haijatengenezwa kwa kuviringikiwa.

Niliposema nimemaliza, mzee wa mashine ya leithi tunayepakana naye, mtu wa miaka yake sabini hivi ambaye amechonga bushi za matatu tangu zile za zamani, alikuja akaangalia akasema kijana yangu hujamaliza, hii mbele inacheza. Akashika mdomo wa buti la nyuma chini ya waya, akatikisa, na kweli unasikia tok tok. Nilikuwa nimeuangalia waya kama una ufa, sikuangalia kama unabana. Tukachukua vania, ile rula ya kubana ya kupimia unene, tukapima unene wa mdomo wa hilo buti na wa lile la mbele, la nyuma limeliwa zaidi ya milimita mbili. Nilienda mpaka Gikomba kwa wale wa viatu vya mitumba nikapata buti moja la kuskii limening'inizwa kati ya gambuti, la mtu mzima, nikalipima mdomo palepale, milimita 19 kamili, hicho ndicho kipimo cha kawaida cha viatu vya skii vya watu wazima. Nililinunua. Nilitaka tu kuona kwa macho yangu mdomo ambao haujaliwa na lami unakaaje.

Milimita mbili hazionekani kitu. Lakini hii baindingi ya pini inategemea waya wa mbele ukaze, ukikanyaga unahisi kisigino kinashuka kwa nguvu kidogo, na hiyo nguvu ndiyo inazuia buti lisiteleze mbele na nyuma na lisizunguke. Mbele ikilegea kazi yote inahamia kwa pini. Waya unaweza kusogezwa kwa skrubu, dakika tano, elenki moja. Hakuwahi kuusogeza tangu anunue juu aliyemuuzia alimwambia tayari umepangwa. Ulikuwa umepangwa, kwa mdomo wa siku ile.

Sasa jambo lililonikaa kichwani kuliko yote, na hili sikulisoma popote, lilitoka kwa kumsikiliza akieleza siku yake. Kwa nini vitu vyote vitatu, chumvi, kebo, mdomo, ni buti la nyuma tu? Buti ni jozi moja, zimenunuliwa siku moja. Nilimuuliza anafanya nini akifika kwa lifti. Akasema unafungua mguu wa nyuma, wa mbele unabaki kwa bodi, unajisukuma na ule wa nyuma kama mtoto kwa skuta mpaka kwa kiti, ukifika juu unashuka, unafunga tena. Mara ngapi kwa siku? Kumi na tano hivi siku nzuri. Na wa mbele? Asubuhi, na baada ya chakula. Fanya hesabu kwa siku 60 za msimu: mguu wa mbele umefungwa mara 120, wa nyuma mara 900. Na wa nyuma ndio unaokanyaga kila kitu, ndio unaoshindiliwa theluji chini ya kisigino, ndio kebo yake inavutwa, ndio unasukuma. Ni kama baiskeli ambayo breki moja inafanya kazi mara saba ya nyingine halafu unabadilisha raba zote siku moja ama hubadilishi kabisa. Kwa maoni yangu huo ndio ugonjwa wa stepini kuliko wa waya, uchakavu wote wa kufunga unarundikwa kwa mguu mmoja na hakuna anayeangalia huo mguu peke yake.

Kulibaki theluji. Alikuwa amesema asubuhi hiyo ilikuwa ya majimaji halafu upepo ukageuka ukawa baridi, na kwamba aligonga buti mara moja kwa bodi kabla ya kukanyaga, chini hakuangalia. Tulijaribu na tulichonacho. Jirani wa bucha ana friza, tulisaga barafu tukaishindilia kwa matundu ya baindingi na chini ya kisigino, tukalowesha, tukaacha karibu saa moja. Nilitumia ile baindingi nzima ya mbele, si mbovu. Na hata nzima ilishindwa. Kisigino hakikufika chini, kikakaa juu ya barafu kama kiti chenye mguu mmoja mrefu, na mara mbili tulizorudia ikatoa tik moja huku imeinama upande. Nilipokwangua barafu kwa bisibisi ikaingia vizuri, tik tik. Kwa hivyo mtu akiniambia vifaa vyangu ni vipya sihitaji kuangalia, namwonyesha hiyo friza. Pini hazina kosa, hazijafika tu kwa tundu.

Kuhusu waya dhidi ya stepini tulibishana sana na bado hatukubaliani. Mzee anasema arudi kwa waya na klipu, kitu unachofunga kwa mkono unakijua. Ana haki kwamba klipu inaonekana. Lakini mimi sisemi stepini ni mbaya, mtu mwenye mgongo mbovu, mtu anayefunga mara kumi na tano kwa mteremko akiwa amesimama, inamsaidia kweli, haimlazimu kukaa kwa theluji katikati ya njia ya watu wanaoshuka kwa spidi, na hilo nalo ni usalama. Na waya una magonjwa yake, klipu inaweza kugongwa ikafunguka, waya unachoka vilevile. Ninachosema ni kwamba klipu ya mkono inakulazimisha kuinama na stepini inakusamehe kuinama, na mtu aliyesamehewa kuinama ataacha kuangalia. Binamu yangu hakuwa mzembe. Alisikia mlio akaamini mlio. Mtu yeyote angeamini.

Mzee alitaka kuchonga pini mpya. Anaweza, nimemwona akichonga vitu vigumu zaidi. Nilikataa na tukanuniana siku mbili. Sijui ugumu wa chuma kinachopaswa kuwa pale, na pini ikiwa ngumu kupita tundu italila tundu, ikiwa laini italiwa yenyewe, na kitu kinachoshikilia goti la mtu kwa spidi si mahali pa kujaribu. Kisigino kizima kinauzwa, kina skrubu zake, kinaingia kwa buti bila kuchonga chochote. Mdomo wa buti lake nao ni kipande kinachofunguliwa na kubadilishwa. Tukaagiza mdomo mmoja na kisigino kimoja, cha nyuma, juu pesa yake ilikuwa imeishia kwa daktari.

Kile nilichomwomba mzee badala ya pini ni kipimo. Akakata bamba dogo la shaba, upana wa vidole viwili, akalitia ngazi kando yake: unaliweka kwa ukuta wa kisigino, na pini ikiwa imetoka mpaka mwisho inagusa ngazi, ikiwa imebaki ndani unaona mwanga katikati. Alilitoboa tundu liingie kwa ufunguo wa nyumba. Tulipatana hapo.

Mambo mengine tuliyofanya ni ya haraka. Kebo mpya, na safari hii kishikio kimebandikwa kwa shingo ya buti kwa utepe wa kunata badala ya kufupishwa, ukiegemea mbele kabisa bado unaweza kuinyanyua kebo kidogo kwa kidole. Waya wa mbele umesogezwa mpaka tok tok ikaisha na kisigino kinadai kukanyagwa kwa nguvu. Grisi hatukupaka kwa pini, inashika mchanga, tulitumia dawa kavu ile tunayopaka cheni wakati wa vumbi. Na nimemwambia anunue zile soli za mpira za kuvalisha juu ya buti akivuka maegesho, ama abebe buti mkononi, hata kama ni nzito.

Jumapili moja ya Juni tukapeleka kila kitu nyumbani kwa mama mdogo, Umoja, juu ndiye aliyeuliza. Binamu aliweka bodi juu ya meza ya chakula, akachomeka buti la nyuma lenye kisigino kipya, akabonyeza, tik tik. Nikamweleza mama yote, pini, chumvi, kebo, mdomo. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akavaa miwani, akaomba simu yenye tochi na lile bamba la shaba, akaangalia upande mmoja, akaenda upande wa pili wa meza akaangalia na huko. Akasema hiki ni sawa. Akavuta buti la mbele, lile ambalo hatukuwa tumeliagizia kitu, akalipima polepole pande zote mbili, akarudia upande wa nje.

"Hapa naona mwanga," akasema. "Ni kidogo lakini naona."

Nililichukua nikaangalia. Mwanga ulikuwepo, mwembamba kama uzi. Kesho yake asubuhi tukaagiza kisigino cha pili, na pesa alitoa yeye.